Mchana wa Kusoma, Giza la Kukumbuka

Leo tuongee juu ya masomo. Sitasema "someni kwa bidii", hiyo tunaisikia kila siku na haimufundishi mtu namna ya kufanya. Nataka tuongee ile namna yenyewe.

Tunajua hali yetu. Kenani ilifunguliwa 2017 kama mahali pa kupita. Mtu anaandikishwa, anangoja, kisha anapelekwa Mantapala, makao yaliyoanza 2018. Shida ni kwamba kungoja kunaingia mpaka kichwani. Katika kazi yangu ya kujitolea nasikia mara nyingi: "Nitasoma vizuri nikifika kule, nikipata nyumba, nikipata meza, nikipata taa." Ninaelewa. Ndani ya hema hakuna meza, na hapa kwetu jua linatua karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Lakini wiki unazongoja wewe, masomo hayakungoji.

Tuangalie vile tunavyosoma. Wengi tunafungua kaye, tunasoma ukurasa uleule mara 4, mara 5, mpaka macho yanauzoea. Kuzoea ukurasa siyo kuujua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi. Wamoja walisoma habari fulani, kisha wakairudilia kuisoma. Wengine waliisoma, wakaifunga, wakaandika yale waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudilia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Na mtihani wetu hauji baada ya dakika 5.

Kwetu hii ni habari njema, juu kujipima hakutaki taa. Basi tugawe siku hivi.

Mchana ni wa kusoma. Ukitoka shule, kabla jua halijatua, chukua ukurasa mmoja tu. Soma mara mbili, polepole. Andika maswali 3 pembeni. Funga kaye.

Giza ni la kukumbuka. Umekaa kando ya mbabula, bukari inapikwa: jiulize yale maswali 3. Jibu kwa sauti, mdogo wako akusikie. Ukikwama usikasirike, pale ulipokwama ndipo pa kufanyia kazi. Asubuhi fungua kaye, angalia pale tu. Kisha jiulize tena baada ya siku 2, na tena baada ya wiki. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliandika mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka sana katika saa na siku za kwanza. Ndiyo sababu kurasa 20 za usiku mmoja kabla ya mtihani hazikai kichwani, lakini ukurasa mmoja unaorudiliwa kwa nafasi unakaa.

Kwa dada zetu: mstari wa maji ni mrefu, na maswali 3 yanaingia ndani yake vizuri. Lakini wazazi, tusisikie vibaya. Mtoto wa kike kujibu maswali kichwani siyo sababu ya kumuongezea bidoni la tatu. Naye anataka saa yake moja ya mchana, sawa na kaka yake.

Sasa tuingie kwenye jambo linalotuumiza zaidi: lugha. Tumetoka Pweto au Moba na Kiswahili, na shuleni tulisoma Kifaransa. Hapa Luapula watoto wanaanza na Kibemba, kisha masomo yote ni Kiingereza. Mimi nashauri hivi: jibu swali kwanza kwa Kiswahili, mpaka ulielewe. Kisha sema jibu lilelile kwa Kiingereza, hata kwa sentensi fupi. Usikariri Kiingereza usichokielewa, swali likigeuzwa kidogo utapotea.

Kifaransa chako usikitupe, kinasaidia. Maneno mengi ya sayansi yanafanana. Lakini jihadhari, mengine yanadanganya: "librairie" ni duka la vitabu, "library" ni mahali pa kuazima vitabu. Hata hesabu ina mtego. Kule tuliandika tatu na nusu hivi: 3,5. Hapa ni 3.5. Na hapa ukiona 2,500 ni elfu mbili na mia tano, lakini macho yaliyosoma Kifaransa yanaona mbili na nusu. Mtoto anayejua hesabu kabisa anaweza kupata sifuri juu ya alama moja. Fungua ukurasa wa nyuma wa kaye na uandike mitego hiyo kila unapokutana nayo.

Ninasema hivi juu nasikia vijana wakisema, "Mimi siko na akili ya masomo." Kijana aliyemaliza la sita kule anarudishwa chini kukaa na wadogo, magoti hayaingii chini ya dawati, na hakuna anayemweleza kwa nini. Anaamini kichwa chake ndicho kibovu. Mwisho anaacha shule na kwenda ziwani kutafuta chisense. Uvuvi ni kazi ya heshima, lakini usiuendee juu ulijidanganya kwamba wewe ni mjinga.

Ndugu wa mashirika munaotusoma, kaye na kalamu tunashukuru. Tunaomba na mambo mawili mengine: darasa libaki wazi mchana baada ya masomo, na mtoto akirudishwa giredi ya chini, aambiwe kwa lugha anayoisikia kwamba ni sababu ya Kiingereza, siyo sababu ya akili.

Na wewe kijana, usingoje Jumatatu. Leo, ukurasa mmoja na maswali 3.