Hajulikani: Funzo la Uhusiano Katika Hifadhidata ya Mashairi

Huenda ukastaajabu kukutana na habari za tarakilishi katika kurasa hizi ambazo aghalabu huzungumzia riwaya, isimu na ushairi. Naomba radhi mapema. Nimeshika kalamu kwa sababu nina deni la kukiri. Nilipoteza nyimbo 9 ambazo hazitarudi tena. Aliyezipoteza si mwizi, si mchwa wala si mvua. Ni mimi mwenyewe, kwa mstari mmoja wa msimbo. Nilipochunguza chanzo cha kosa hilo, niligundua kuwa halikuwa kosa la ufundi pekee, bali lilikuwa pia kosa la uhakiki wa fasihi.

Utafiti wangu wa uzamili unahusu mapokezi ya tendi na nyimbo za Lamu. Baada ya kurejea kutoka nyanjani nilikuwa na madaftari, rekodi za sauti katika simu, na nakala za mashairi yaliyochapishwa zamani. Kupata jambo moja katika rundo hilo kulikuwa sawa na kutafuta sindano mchangani. Rafiki yangu mmoja anayesomea sayansi ya tarakilishi alinishauri nijenge hifadhidata kwa kutumia Django, kiunzi cha kuundia tovuti kilichoandikwa kwa lugha ya Python na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Nasema kiunzi kwa makusudi. Mjenzi hukuta nguzo na mapaa yamekwisha kusimamishwa, naye kazi yake ni kukandika kuta na kuamua milango ikae wapi.

Kazi ya kwanza katika kiunzi hiki ni kueleza modeli zako, yaani aina za vitu utakavyovihifadhi na jinsi vinavyohusiana. Kila modeli huwa jedwali. Mimi nilianza na mbili: Mtunzi na Shairi. Wazo la kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana kwa njia hii lilifafanuliwa na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, katika makala yake ya mwaka 1970. Jina la mtunzi haliandikwi upya kwa kila shairi alilolitunga. Huandikwa mara moja katika jedwali la watunzi na kupewa nambari, kisha kila shairi hubeba nambari hiyo kama ufunguo wa kufungulia mlango wa jirani.

Hapo ndipo nilipoanza kuona sarufi yetu mahali nisipoitarajia. Tunasema "shairi la mtunzi" na "mashairi ya mtunzi". Kiunganifu hiki hakipatani na mwenye kumiliki. Hupatana na kinachomilikiwa, na shairi ndilo linalovaa alama ya uhusiano. Katika hifadhidata mambo ni yayo hayo, kwa kuwa ufunguo hukaa katika rekodi ya shairi, si katika rekodi ya mtunzi. Aidha, ukitaka mashairi ya watunzi wa mji wa Lamu, Django hukuruhusu kuvuka kutoka shairi hadi kwa mtunzi, na kutoka kwa mtunzi hadi mjini, kwa kuunganisha majina kwa vistari viwili vya chini. Huo ni mnyororo wa viunganifu, nasi Waswahili tumeufuma tangu jadi. Nilifurahi kama mtoto aliyekuta mchezo wa kwao ukichezwa ugenini.

Furaha hiyo ilitiwa doa siku nilipofungua ukurasa wa kuorodhesha mashairi yote pamoja na majina ya watunzi wake. Ukurasa ulijikokota kama konokono. Rafiki yangu aliuchunguza akacheka. Nilikuwa na mashairi 214. Programu yangu iliuliza swali moja ili kupata mashairi, kisha ikarudi tena kwa kila shairi kuuliza, "Na mtunzi wa hili ni nani?" Jumla ya maswali 215! Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, akirudi umtume sukari, akirudi umtume kiberiti, ilhali ungempa orodha moja asubuhi na mapema. Dawa yake ni amri ya select_related, inayoyaunganisha majedwali mawili na kuleta kila kitu kwa swali moja. Pale ambapo shairi moja lina wahusika wengi, kuna ndugu yake, prefetch_related, anayeleta mashairi kwa swali la kwanza na wahusika wote kwa swali la pili, kisha akawapanga kila mmoja mahali pake. Majina haya nimeyaacha yalivyo kwa kuwa tarakilishi haitambui mengine.

Nilidhani nimehitimu. Wahenga walituonya kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Katika muundo wangu nilikuwa nimeamuru kwamba kila shairi sharti liwe na mtunzi mmoja. Amri hiyo ilinitatiza pale pale nilipofika kwenye nyimbo 61 za harusi na za kubembelezea watoto nilizozipata kwa masimulizi. Mtunzi wake ni nani? Ili mashine ikubali kuzihifadhi, nilibuni mtunzi mmoja nikamwita "Hajulikani", nikazitia nyimbo zote 61 chini yake. Miezi ikapita. Usiku mmoja nikisafisha orodha ya watunzi, nilimwona Hajulikani amekaa katikati ya Muyaka na Mwana Kupona, nikaona ananitia aibu mbele ya msimamizi wangu. Nikaamua kumfuta. Kama ningetumia ukurasa wa usimamizi wa Django, ungenionyesha kwanza orodha ya vyote vitakavyofutika pamoja naye na kuniuliza kama nina hakika. Mimi nikajifanya fundi, nikaandika amri moja kwa moja. Haikuniuliza lolote. Ilijibu kwa idadi tu: rekodi 62 zimefutwa. Mtunzi mmoja na nyimbo 61.

Nilitafuta nakala ya akiba. Ilikuwa ya miezi minne nyuma, nayo ikanirudishia nyimbo 44. Nyingine 8 nilizikuta katika madaftari. Zile 9 zilizobaki nilikuwa nimezipiga chapa moja kwa moja nikisikiliza rekodi, na simu yenye rekodi hizo ilikuwa imekwisha kuibwa ndani ya matatu. Zote tisa ziliimbwa na bibi mmoja wa Lamu ambaye, kufikia usiku ule, alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Namkumbuka akiwa ameketi barazani. Nilipomuuliza, kwa haraka ya mtafiti, niandike jina gani penye mtunzi, alinitazama kwa huruma. "Usiniandike mimi, mwanangu," alisema. "Nyimbo hini si yangu. Nimeipokea kwa somo yangu, naye aliipokea kwa mamake." Nilitikisa kichwa, nikamshukuru, nikarudi nikaandika: Hajulikani. Alikuwa amenitajia watu watatu. Mimi nikaandika kwamba hakuna mtu.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi. Kilichofanya nyimbo zifutike ni agizo liitwalo CASCADE, neno lenye maana ya maporomoko ya maji: ukimwondoa aliye juu, wote wanaomtegemea huporomoka pamoja naye. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017, Django humlazimu mwandishi wa programu kutamka mwenyewe rekodi tegemezi zifanywe nini mhimili wake unapofutwa. Kwa hiyo siwezi kusingizia mashine. Agizo hilo nililinakili kutoka somo la wanagenzi, ambalo hufundisha kwa mfano wa kura ya maoni yenye maswali na machaguo yake. Katika mfano ule agizo hilo ni sahihi kabisa, kwa kuwa swali likifutwa, machaguo yake hayana maana tena. Je, shairi hukosa maana mtunzi wake asipojulikana? Hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi atakayejibu ndiyo. Hata hivyo, hilo ndilo nililolitamka katika msimbo wangu, tena bila kufikiri.

Ndipo nikaanza upya. Badala ya kuufunga kila wimbo kwa mtunzi mmoja, niliunda jedwali la tatu kati ya mashairi na watu, nikaliita Ushiriki. Kila safu yake hutaja shairi, mtu, na kazi aliyoifanya: alitunga, alipokea, alinakili, alihariri. Mtu mmoja aweza kuwa na mashairi mengi, na shairi moja laweza kuwa na watu wengi. Nilipoingiza tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa kwa mpango huu, nilizitazama kwa macho mapya. Muyaka alitunga. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzihifadhi baada ya mtunzi kufariki. W. E. Taylor akaziandika, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Katika jedwali langu la kwanza watu watatu kati ya hao wanne hawakuwa na pa kukaa. Hali kadhalika Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyenakili miswada mingi tunayoitegemea leo, hakuwa na mlango wa kuingilia.

Sasa naweza kuuliza maswali ambayo awali hayakuwezekana. Ni tungo zipi zilizopita mikononi mwa Kijuma? Ni nyimbo zipi zilizopokewa kutoka kwa mama au somo? Ni shairi lipi lisilo na mtunzi lakini lina wapokezi? Kwa lile la mwisho simhitaji tena Hajulikani. Penye mtunzi huwa patupu, na utupu huo haudai kuwa mtu. Isitoshe, nimebadilisha agizo la maporomoko kuwa PROTECT: mtu yeyote mwenye shairi hata moja hafutiki, na mashine hukataa hadi uhusiano wenyewe uondolewe kwanza kwa mkono.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutaombwa katika miaka ijayo kuhifadhi fasihi ya wazee wetu katika tarakilishi, nasi tutashawishika kumwachia fundi kazi ya kuchora majedwali. Tusifanye hivyo. Hifadhidata haiwezi kujibu swali kuhusu uhusiano usioandikwa ndani yake, na anayeamua uhusiano upi uandikwe huwa ametoa hukumu ya kifasihi, ajue asijue. Ukisema shairi moja mtunzi mmoja, umekwisha kuandika nadharia nzima.

Katika hifadhidata yangu ipo leo rekodi ya bibi yule. Zile nyimbo alizoniimbia ambazo zilisalimika zimeunganishwa naye, kazi yake ikiwa "alipokea". Nimeongeza pia safu mbili za watu ambao majina yao sikuwahi kuyauliza: somo yake, na mamake somo yake. Zile tisa nimeziwekea rekodi zenye vichwa nilivyovikumbuka, na mahali pa maneno hapana kitu. Kila nikiuliza orodha ya nyimbo zake, huja pamoja na nyingine. Kaditama.