Siku Tatu za Kubanana

Jamaa wanaoishi mbalimbali waweza kusalimiana kwa simu miaka mingi wasijuane. Kujuana huhitaji kubanana.

Mwaka 2019, miaka miwili baada ya kumzika mama yao, wanangu watatu walikubali kunisindikiza kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu, pamoja na wake zao na watoto, kwa basi dogo la kukodi. Shamba la marehemu lilikuwa limewatenga. Siku ya kwanza, hadi Morogoro, kila nyumba ilikula chakula chake, na wajukuu waligombea madirisha. Sikushtuka. Katika miaka yangu ya ualimu sikuona darasa jipya lililotulia juma la kwanza.

Siku ya pili tuliingia Mikumi, ambako barabara kuu hupita ndani ya hifadhi kwa kilometa 50 hivi. Twiga alipovuka, watoto wote walijazana kwenye dirisha moja. Hakuna aliyeuliza ni la nani.

Siku ya tatu, tulipokwisha kuipita mibuyu ya bonde la Ruaha, gurudumu lilipasuka kabla ya kupanda Kitonga. Mkubwa alishika jeki, wa pili akalegeza nati, mdogo akatia mawe. Ilibidi wasemezane. Jioni, Iringa, walikula sinia moja.

Habari ya shamba ilikuwa bado haijaguswa, lakini sasa palikuwa na watu wa kuizungumza. Msomaji mwenye jamaa waliotawanyika, fungeni safari ndefu, wala msikate tamaa siku ya kwanza.