Kilichofunikwa Hakijafutwa

Juma lililopita kompyuta ya idara yetu, inayotumia Linux, iligoma kuhifadhi chochote. Amri ya df ilidai kwamba diski ya ndani imejaa. Amri ya du, inayojumlisha ukubwa wa faili moja moja, haikuona hata nusu ya mzigo huo. Fundi alishauri tufute kila kitu na kusakinisha upya. Nilikaribia kukubali.

Kilichonizuia ni mwanafunzi wangu wa uzamili. Rekodi za majuma mawili ya kwanza ya mahojiano yake na wazee hazikuwamo katika diski ya nje tunamohifadhia nakala, naye alikwisha kuzifuta katika kinasa sauti, akiamini ziko salama.

Nikakumbuka kwamba programu ya kuhifadhi nakala ilianza kazi kabla ya diski ya nje kupachikwa. Katika Linux, diski hupachikwa juu ya saraka, yaani folda ya kawaida inayogeuka kuwa mlango wake. Diski isipokuwapo, saraka hubaki, na programu huandika humo bila kulalamika, kumbe inaijaza diski ya ndani. Diski ya nje ikija kupachikwa, faili zile za awali hufunikwa. Hazionekani, lakini nafasi zinaila.

Nikaisimamisha programu, nikaipachua diski kwa amri ya umount, nikaifungua saraka. Rekodi zote zilikuwamo. Tulizinakili, tukazisikiliza moja baada ya nyingine, ndipo tukaondoa zile za chini na kuirudisha diski. Siku hizi programu haianzi kazi kabla ya amri ya mountpoint kuthibitisha kwamba diski imepachikwa.

Usiku ule niliiwaza nchi yangu. Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilizindua katiba mpya. Jedwali lake la Sita liliitaka serikali ya kitaifa, ndani ya miaka 5, iuunde upya utawala wa mikoa, mfumo tuliourithi kwa wakoloni, ili uafikiane na ugatuzi. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kando ya kila gavana aliyechaguliwa palikuwa na kamishna wa kaunti anayewajibika kwa Nairobi. Machifu nao waliendelea na kazi. Tulipachika jipya juu ya la kale, kisha tukashangaa nafasi inakwenda wapi.

Gharama zinapopanda, husikika sauti zinazotaka katiba iandikwe upya. Hao wananikumbusha fundi yule. Wala sisemi kila tulichorithi kifutwe, kwani wapo wananchi ambao chifu ndiye ofisi pekee ya serikali wanayoifikia kwa miguu. Ninachosema ni kwamba tufunue kwanza, tukague kilichomo, ndipo tuamue kipi kihamishwe na kipi kiondoke. Mwanafunzi wangu anaandika tasnifu yake leo kwa sababu hatukufanya haraka.