Mwaka Kompyuta Zilipoganda Magomeni

Ubuntu 6.06, toleo la mfumo wa Linux, ilitoka Juni 2006, na CD zake zilitufikia kwa posta bila malipo, kwa gharama za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kupakua megabaiti 700 kwenye intaneti kafe za Dar es Salaam wakati ule ilikuwa ndoto.

Chumba chetu cha mafunzo ya kompyuta, Magomeni, kilikuwa na kompyuta za mitumba kutoka Ulaya. Tulipoweka Ubuntu na draiva iliyotolewa na watengenezaji wa kadi zake za michoro, zikaanza kuganda wakati wa kuwaka. Maandishi meupe yanapita, kioo kinakuwa cheusi, basi. Kibodi haijibu, hata taa ya Caps Lock haiwaki. Mafundi wa mtaani walishatoa hukumu: mazabodi imekufa.

Kaka aliyekuwa akitufundisha alinizuia mkono. "Dada, usizime kwanza. Ipigie pingi kutoka mashine ya jirani."

Majibu ya ujumbe ule wa mtandao yakaja, moja baada ya jingine. Kompyuta ilikuwa hai na inafanya kazi; kilichokwama ni michoro tu. Nakumbuka furaha ile hadi leo. Tukaingia kupitia mtandao kwa SSH, ambayo kaka alikuwa ameiweka kwenye kila mashine, tukafungua kumbukumbu ya michoro, /var/log/Xorg.0.log. Mistari ilikatikia pale draiva ilipoanza kutumia AGP, njia inayounganisha kadi na kompyuta.

Dawa ilikuwa neno moja. Ndani ya /etc/X11/xorg.conf tulifuta jina la draiva ile, tukaandika vesa, draiva ya kawaida ambayo karibu kila kadi inaielewa. Mashine isiyokuwa na mtandao tuliiwasha huku tukibonyeza Esc ili kupata menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, tukachagua hali ya uokoaji na kuhariri kwa nano.

Na vesa ilikuwa nzito kweli: dirisha ukilivuta linajikokota, video inakatakata. Lakini barua na mitihani viliandikwa kwa Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004.

Kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni kwamba sababu yenyewe hatukuijua. Draiva ile ilikuja bila msimbo wake. Linux ikiipakia, kerneli, yaani kiini cha mfumo, hujiandika kuwa imechafuliwa, na waandishi wa kerneli hawapokei malalamiko kutoka kwenye mashine ya namna hiyo. Wangesaidiaje, nao hawawezi kusoma kilichomo? Mwanafunzi wa Magomeni na bingwa wa kerneli walizuiwa na mlango uleule.

Wapo waliozichunguza kadi hizo kwa miaka bila kupewa maelezo, wakaandika draiva huria. Iliingia kwenye kerneli 2.6.33, Februari 2010. Kompyuta zetu zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.