Marufaa Iliyochongwa Kapkatet

Tuliwasili Kapkatet baada ya mvua ya alasiri, majani ya chai yakimeremeta vilimani. Wenyeji wakatulaki kwa “Chamgei”, salamu yao.

Mwanangu anafanya kazi huku. Bandani mwake ameunda mashine ya kuchonga mbao: reli za chuma, mota tatu na kisu kinachozunguka. Kiongozi wake ni Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Mchoro hugeuzwa hesabu. Hesabu huziamrisha mota: kulia, mbele, chini.

Nilimletea ubao wa mvule alioniachia marehemu baba, mchonga milango wa Lamu, atuchongee marufaa ya msahafu. Moyo ulinidunda; ubao ulikuwa huo mmoja tu. Maua yakachongeka, yakapendeza. Lakini bawaba ya marufaa huchongwa ndani ya ubao uleule, na kisu kile hushuka kutoka juu tu; hakifiki humo. Kijana akazima mashine, akatoa patasi ya babu yake.

Moyo ukatulia. Kina mama wenzangu, tusiwanyime watoto elimu mpya; tuwarithishe na patasi.