Kurudi, Kurudishwa na Kurudiwa



Kiswahili kina kitenzi kifupi, rudi, ambacho wanafunzi wangu hudhani wamekimaliza katika juma la kwanza la masomo. Baba amerudi. Watoto wamerudi shuleni. Leo naomba tukirejee kitenzi hicho pamoja, kwa sababu mwezi uliopita kilininyima usingizi usiku mzima, na kwa sababu kimekuwa kitenzi cha siasa katika nchi zinazotuzunguka: rais aliyeondoka anataka kurudi.

Kwanza nikueleze nilipo. Namoto iko mpakani, katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Mbele yetu ni Mto Ruvuma; ng'ambo yake ni Kilambo, mkoa wa Mtwara, Tanzania. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Stashahada yangu ya ualimu niliisomea ng'ambo ya mto, na ada ililipwa na mjomba wangu kwa fedha za samaki. Hilo la ada lishike, tutalihitaji mbele.

Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi. Kikundi kilikuwa na mashua mbili, mashine moja na sanduku la akiba ambalo ufunguo wake aliushika yeye mwenyewe. Mwezi Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, watu wa kwetu walitawanyika. Wengine walivuka mto, wengine waliingia msituni. Mjomba aliondoka na sanduku. Katika siku zile aliwalipia watu wengi nauli ya mitumbwi, na wapo walio hai leo kwa sababu yake. Lakini tuliporejea nyumbani sanduku lilikuwa tupu na daftari halikuonekana. Hakuna aliyemwita mwizi. Hakuna pia aliyepewa hesabu. Wanakikundi wakamchagua mama mmoja mchuuzi wa samaki kuwa mwenyekiti, wakanichagua mimi kuwa katibu. Siku hizi sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na kila Ijumaa baada ya sala daftari hufunguliwa mbele ya wote.

Mwezi uliopita mjomba alinijia jioni, akaketi barazani, akakataa chai. "Mwalimu," akaanza, yeye ambaye siku zote huniita mpwa wangu, "niandikie barua kwa Kiswahili chenye heshima. Nataka kurudi kwenye kiti changu." Haki hiyo anayo. Kanuni za kikundi, ambazo niliziandika kwa mkono wangu, zinasema mwenyekiti hukaa miaka miwili, na aliyeondoka anaweza kugombea tena akishapumzika kipindi kimoja. Nilimwambia nitaiandika. Kisha sikulala.

Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Darasani tunaifundisha methali hii kama onyo kwa wanaojisifia ya zamani, lakini inaeleza pia uchungu wa aliyewahi kuwa kiongozi. Jana watu walisimama alipopita. Leo anangoja zamu yake kisimani kama wengine. Si lazima mtu awe mwovu ndipo atamani kurudi.

Katiba za nchi zetu zinalijua tamaa hilo na kulishughulikia kwa njia tofauti. Katiba ya Tanzania hairuhusu mtu achaguliwe kuwa rais zaidi ya mara mbili, na ile ya Kenya ya mwaka 2010 haimpi mtu zaidi ya vipindi viwili. Ya kwetu Msumbiji imeacha mlango: rais aliyechaguliwa mara mbili mfululizo anaweza kugombea tena, ikiwa imepita miaka mitano tangu kipindi chake cha mwisho. Joaquim Chissano aliondoka mwaka 2005, Armando Guebuza mwaka 2015, na hakuna kati yao aliyerudi kupitia mlango huo. Kwa jirani zetu wa Malawi mambo yalikwenda vingine. Peter Mutharika aliingia madarakani mwaka 2014. Ushindi wake wa 2019 ulifutwa na mahakama mwezi Februari 2020, akashindwa katika uchaguzi wa marudio mwezi Juni, na Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka 85, wapiga kura wakamrudisha. Kurudi, basi, si dhambi. Ni haki ya wananchi kumwita tena yule waliyemwacha.

Lakini funzo nililolihitaji usiku ule halikuwa Malawi. Lilikuwa baharini, takriban kilomita 300 mashariki mwa pwani yetu, katika Visiwa vya Komoro, ambavyo lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili.

Kanali Azali Assoumani alichukua madaraka kwa mapinduzi tarehe 30 Aprili 1999, wakati Komoro ilikuwa ikielekea kusambaratika kwa sababu kisiwa cha Anzuani kilikuwa kimetangaza kujitenga. Katiba mpya ya Desemba 2001 ilileta dawa yake, yaani urais wa zamu. Ngazija, Anzuani na Mwali vingepokezana kiti, kila kisiwa kwa kipindi chake. Azali, mtu wa Ngazija, alichaguliwa mwaka 2002 katika zamu ya kwanza. Tarehe 26 Mei 2006 akafanya jambo ambalo nchi iliyozoea mapinduzi haikuwa imelizoea: alimkabidhi urais kwa amani Ahmed Abdallah Mohamed Sambi wa Anzuani. Tunalo neno zuri kwa tendo hilo, kung'atuka. Mwalimu Nyerere alilichota katika Kizanaki, lugha ya kwao, na likaenea alipoacha urais mwaka 1985. Mtu akiniuliza kama Azali aliwahi kung'atuka, nitajibu kwa haki kwamba ndiyo.

Akangoja miaka kumi. Zamu ya Anzuani ikapita, ya Mwali ikapita chini ya Ikililou Dhoinine, na mwaka 2016 zamu ikafika tena Ngazija. Marais wa zamani wawili walitaka kurudi. Sambi alikataliwa na Mahakama ya Katiba, kwa kuwa haikuwa zamu ya kisiwa chake. Azali alikubaliwa. Katika duru ya kwanza, iliyopigwa Ngazija peke yake, aliibuka wa tatu, na sheria iliwapitisha watatu wa kwanza kwenda duru ya taifa zima. Huko, chama cha Sambi kikimwunga mkono, akashinda kwa asilimia 41 hivi, baada ya kura kupigwa upya katika vituo kadhaa vya Anzuani. Naomba ulizingatie hili, msomaji: alirudi kwa mlango halali. Zamu ilimngojea, mahakama ilimkubali, na sanduku la kura likampitisha.

Sasa angalia mlango ule ulifanywa nini baada ya yeye kupita. Mwezi Aprili 2018 Mahakama ya Katiba ilinyang'anywa kazi zake, zikahamishiwa Mahakama ya Juu. Tarehe 30 Julai 2018 ikapigwa kura ya maoni, ambayo upinzani uliisusia, na katiba ikabadilishwa ili rais aweze kukaa vipindi viwili mfululizo bila kiti kuhamia kisiwa kingine. Azali akashinda tena Machi 2019, na tena Januari 2024. Katika uchaguzi huo wa 2024, tume ilitangaza kwanza kwamba waliojitokeza kumpigia rais kura walikuwa asilimia 16 hivi. Mahakama ya Juu ikatangaza kuwa walikuwa asilimia 56. Naye Sambi, ambaye chama chake kilimsaidia Azali kurudi, aliwekwa kizuizini mwezi Mei 2018, na Novemba 2022 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, katika kesi iliyohusu uuzaji wa uraia na pasipoti.

Haki itendeke kwa pande zote. Watetezi wa mabadiliko ya 2018 husema kwamba miaka mitano haitoshi kukamilisha kazi ya kujenga nchi. Na Sambi mwenyewe, alipokuwa rais, aliitisha kura ya maoni mwaka 2009 iliyorefusha kipindi chake. Kwa hiyo kishawishi hiki hakina kisiwa wala chama. Humfuata yeyote aliyekalia kiti.

Hapo ndipo nilipolipata swali langu. Tumezoea kumwuliza anayetaka kurudi: ulifanya nini mara ya kwanza? Ni swali zuri, lakini Azali angelijibu mwaka 2016 na kutuaibisha sote. Angetuonyesha tarehe 26 Mei 2006. Swali lililohitajika lilikuwa jingine: mlango unaouingilia leo, utauacha wazi kwa atakayekufuata? Na swali hilo halijibiwi na moyo wa mtu peke yake. Mwaka 2006 na mwaka 2018 mtu alikuwa yule yule. Mara ya kwanza palikuwa na zamu iliyomwambia muda wako umekwisha. Mara ya pili, mwenye kuingia ndiye aliyebadilisha kufuli.

Sasa tukirejee kitenzi chetu. Kurudi ni tendo la mwenye miguu yake. Anaweza kulitenda hata kama hakuna aliyemwita. Kurudishwa ni tendo ambalo nguvu yake iko kwa wengine: wananchi wamemrudisha, yeye amerudishwa. Kurudia ni kutenda tena lile lile, na hapa ndipo hofu yetu ilipo, kwa maana wengi walioomba kurudi walifika wakarudia. Lakini kamusi ina maana nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Kumrudi mtoto ni kumwonya na kumwadibisha. Mtoto aliyeonywa na wazazi wake amerudiwa. Kwa bahati njema ya lugha yetu, kurejea na kuonya vinakaa katika umbo moja. Kiongozi anayetaka kurudi akubali kwanza kurudiwa: aulizwe, ahesabiwe, awekewe mpaka, na mpaka huo ushikwe na mikono isiyokuwa yake.

Usiku ule niliandika barua ya aya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa za mjomba, kama alivyoniagiza: miaka yake ya uvuvi, mashua alizozitafuta, watu aliowavusha mwaka 2021. Ya tatu hakuniagiza. Niliandika hivi: "Nitaeleza mbele ya kikao jinsi fedha za sanduku zilivyotumika, kwa kadiri ninavyokumbuka, hata kama daftari limepotea. Nikichaguliwa, funguo zitabaki kwa watu watatu kama zilivyo sasa, na kanuni ya muda wa uongozi sitaigusa."

Asubuhi nikamsomea. Alisikiliza aya mbili akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ya tatu ilipokwisha, alikaa kimya muda mrefu, macho yake mtoni.

"Nilikulipia ada," alisema hatimaye, "ili uje unirudi mimi?"

Ndiye aliyelitumia neno hilo, msomaji, si mimi. Sikuwa na jibu lililonitosha. Nilimwambia tu kwamba barua hii angeiomba mtu baki, ningeandika alichoagiza na kunyamaza. Lakini yeye ni mjomba wangu, na sitaki watu waje kumwambia mgongoni mwake yale ambayo mimi sikumwambia usoni. Aliikunja barua, akaitia mfukoni mwa shati bila kuitia sahihi, akaondoka. Mama yangu ananiambia nimemvunjia heshima ndugu yake. Huenda ni kweli. Ada ile ni deni, nami nalikiri. Ila sidhani kwamba deni la mtu mmoja linaweza kulipwa kwa akiba ya kikundi kizima.

Kikao ni Ijumaa ijayo. Nitakaa mahali pangu pa katibu, kalamu mkononi. Mjomba akisoma aya mbili, nitaandika kwamba amesoma mbili, na kura yangu itabaki kwa yule mama. Akizisoma zote tatu, kura yangu ni yake.

Kazi ya juma hili kwako, msomaji unayejifunza. Mosi, tunga sentensi nne kwa kutumia kurudi, kurudishwa, kurudia na kurudiwa, kila moja ikimhusu kiongozi wa mahali unapoishi. Pili, tafuta katika katiba ya nchi yako ibara inayoeleza muda wa rais, uisome yote, kisha uieleze kwa Kiswahili chako mwenyewe katika aya moja. Tatu, jiulize: anayeweza kuibadilisha ibara hiyo ni nani, na ufunguo umeshikwa na watu wangapi?

Wako katika lugha,
Mwalimu, Namoto