Gisozi: Vumbi la Mbao na Siri ya Jiko

Kilima cha Gisozi kimo katika wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Wageni wengi wafikao huko huelekea kwanza kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994. Watu huingia hapo kwa adabu na hutoka kimya.

Lakini Gisozi ni mahali pa kazi pia. Huko ndiko iliko Gakiriro, soko mashuhuri la maseremala. Misumeno hulia mchana kutwa; vitanda, milango na makabati hupangwa mbele ya karakana, na chini hutapakaa maranda na vumbi la mbao. Vumbi hilo lina sura mbili. Ni la kuogopwa, kwa kuwa moto umekwisha kuteketeza karakana na mali za watu huko zaidi ya mara moja. Tena ni la kuthaminiwa, kwa kuwa vumbi la namna hiyo ndilo malighafi ya vidonge vya kuni.

Vumbi hukaushwa, kisha hushindiliwa kwa nguvu katika matundu membamba. Joto la mshindilio hulainisha lignini iliyomo katika mti wenyewe, nalo vumbi hushikana pasipo gundi nyingine. Rwanda si ngeni kwa nishati hiyo: katika miaka ya 2010 kampuni ya Inyenyeri iliwapatia wakazi wa Gisenyi vidonge pamoja na majiko yake. Huko Marekani, Joe Traeger wa jimbo la Oregon alibuni jiko la kuchomea nyama kwa vidonge katika miaka ya 1980.

Mchoma mishikaki ya mbuzi wa Kigali, ambayo wenyeji huiita burusheti, hahitaji kipimajoto. Makaa yake yako wazi machoni pake. Ayaonapo yamewaka mno katikati, huisogeza mishikaki kando. Jiko la vidonge halimpi mpishi nafasi hiyo, maana moto wake umefichika. Vidonge hukaa katika sanduku la pembeni. Parafujo ndefu izungushwayo na mota huvisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma, navyo huwaka humo. Feni hupuliza hewa, bamba la chuma lililo juu ya moto hulitawanya joto, na moshi hutokea kwenye dohani. Kipimajoto cha jiko hueleza habari za mahali kilipo tu. Kikionyesha nyuzi 180, pembe moja ya wavu yaweza kuwa imezidi na nyingine imepungua. Hapo ndipo kuku huungua ngozi upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili, na mboga ya familia nzima ikaharibika.

Njia ya kulifichua joto haigharimu zaidi ya mkate mmoja. Jiko na lipashwe hadi nyuzi 180 za Selsiasi, kisha liachwe limefunikwa kwa muda wa robo saa. Slesi za mkate zenye unene mmoja zitandazwe upesi juu ya wavu wote, toka ukingo hadi ukingo, na mfuniko urudishwe. Baada ya dakika tano hivi zipinduliwe, kila moja papo hapo ilipo. Iliyokuwa nyeusi huonyesha penye joto kali. Iliyobaki nyeupe huonyesha penye upungufu. Ramani hiyo ichorwe na kutunzwa jikoni.

Iwapo tofauti ni kubwa, sababu zitafutwe jiko likiwa limepoa. Huenda bamba limekaa upande, kikombe kimejaa majivu, mafuta yaliyoganda yameziba njia ya hewa, au vidonge vimeingiwa na unyevu. Yakisharekebishwa hayo, jaribio lirudiwe. Tofauti ndogo itakayosalia si ila: nyama nene iwekwe penye joto, ndizi na viazi penye upole, na vyakula vihamishwe kwa zamu. Kuku asiepuliwe kabla ya kipimajoto kilichochomekwa ndani ya nyama kufikia nyuzi 74.

Hatimaye yapo majivu. Cheche yaweza kuishi ndani yake hata siku ya pili. Yamwagwe katika debe la chuma lenye mfuniko, mbali na ukuta wa mbao na mbali na gunia la vidonge, na yasitupwe mpaka yawe baridi kabisa. Fundi wa Gakiriro, aishiye kati ya maranda, hahitaji kuambiwa hilo mara mbili.